Mtetemo Wangu na Mashine ya Anyango

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Daktari, aibu! Mtoto wa juzi, ndevu hazijakubaliana zitaota upande gani, unaniambia mimi, Kamene, mama yake Mativo, kwamba sina kitu. Sina kitu! Mwili unanguruma kama mashine ya kusaga unga iliyowashwa mtaa wa pili, nawe unasema vipimo ni vizuri. Basi lala wewe na vipimo.

Haya. Umesema niandike kwa siku kumi na nne. Nimelala saa ngapi, mtetemo umekuja saa ngapi, nimekula nini, nimekunywa nini. Naandika. Si kwa sababu umeniamuru. Ni kwa sababu siku ya kumi na tano nataka usome uone haya. Niliacha shule darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Ule wako kwenye karatasi yangu ni njia ya konokono.

Mtetemo wenyewe ulianza Juni, baridi ilipoingia. Nikilala chali tu, huyo! Hauko kwenye ngozi. Uko ndani. Unaanzia mbavuni unashuka mpaka magotini, kama mtu amemeza simu iliyonyamazishwa, na watu wanampigia. Ukiweka mkono juu husikii kitu. Mjukuu wangu Kate ameweka mkono. Mchungaji ameweka mkono, akafunga na macho. Wewe umeweka kile chuma chako baridi. Hakuna aliyesikia. Nasikia mimi peke yangu.

Umesema chai nipunguze, kikombe kimoja tu kwa siku, asubuhi. Mtu ambaye amekunywa sita tangu aolewe! Sawa. Kikombe kimoja. Hukusema kikombe gani. Nimetoa kabatini lile jagi la juisi. Lina mkono, lina mdomo. Jagi ni kikombe kilichokua.

Sasa linaloniuma. Mwanangu Mativo anakuja Jumapili ya tarehe 17 na gari. Akikuta bado silali, ananichukua mpaka mji wa Wote kwa dada yangu Ndinda, eti nikapumzike. Kupumzika! Ndinda huamka saa kumi alfajiri kuziombea nchi za dunia moja moja, na hajui ziko ngapi. Kule ni kimya mpaka unasikia mbuzi akifikiri. Mimi nimekaa Kariobangi miaka arobaini na mmoja. Nalala na kelele za nyundo za mafundi wa jua kali, naamka na kelele za nyundo, na nyundo hazijawahi kunikosea. Sitoki.

Siku kumi na tatu zimebaki. Lazima nilale au nionekane nimelala.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimejua! Si mimi ninayetetemeka. Ni ukuta.

Kitanda changu kimeegemea ukuta. Nyuma ya ukuta ni nyumba ya Anyango. Na Anyango ana mashine ya kufua nguo, ya kwanza katika ploti yetu nzima, ghorofa zote. Mtoto wake wa ng'ambo alimtumia mwezi wa nne. Wanaume wanne waliipandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu, yeye mbele, akiwaelekeza kama askari wa barabarani. Tangu siku hiyo hapandi juu ya paa na beseni kama sisi wengine. Anatupita ngazini mikono mitupu. Na anatusalimu!

Nimegonga mlango wake. Amechelewa kufungua. Nikamwambia azime mashine, inatetemesha wazee wa watu. Akasema haijawashwa. Nikamwambia ameizima aliposikia mlango. Akasema niingie nione mwenyewe. Nikaingia. Imesimama pembeni, nyeupe kama jino, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa redio, juu ya redio maua ya plastiki. Nikaigusa. Baridi. Nikamwambia aiwashe nisikie. Akasema leo si siku ya kufua, akaanza kupanga maua ambayo yalikuwa yamepangika.

"Yawa, Mama Mativo," akasema, "mashine imekukosea nini?"

Mnaona? Mwenye hatia huuliza maswali.

Chai: kikombe kimoja (kilichokua). Mtetemo: saa tano usiku mpaka adhana.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nahitaji shahidi. Watu wa kwetu ukitaka kujua yaliyofichika unatumia ungo. Ungo hutoa jiwe, hutoa mdudu, hutoa na takataka ambayo mwenye duka aliapa haimo. Utashindwaje na mtetemo?

Mpango ulikuwa hivi. Nalala chali saa nane mchana, ungo juu ya tumbo, ndengu kilo mbili ndani ya ungo. Mtetemo ukija, ndengu zicheze. Zikicheza, namwita Kate, ambaye leo hakuwa na kazi saluni. Kate akiona, kesi imekwisha.

Mtetemo ukaja. Ndengu zikacheza! Naapa. Polepole, kama kwaya inayosubiri kinanda. Nikamwita Kate kwa nguvu.

Hapo ndipo palipoharibika. Mtu hawezi kumwita Kate kwa nguvu bila tumbo kupanda. Ungo ukaruka. Ndengu chini ya kitanda. Ndengu ndani ya viatu vya kanisa. Ndengu sikioni. Kate yuko mlangoni na simu yake juu, amecheka mpaka ameshika ukuta. "Shosho, hizo ndengu hazijacheza, zimehama!"

Amechukua video. Ameituma kwa baba yake, Mativo. Nyoka nimemlea mwenyewe, kwa muthokoi, mahindi niliyoyakoboa kwa mkono wangu!

Nimeokota mpaka magharibi. Tumezipika na nazi. Zilikuwa tamu, hilo siwezi kukataa.

Chai: kikombe kimoja, na kingine cha mshtuko. Cha mshtuko ni dawa. Mtetemo: mrefu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mativo amepiga simu. Amesema ameona video. Amesema amenunua hata godoro jipya la kupeleka kwa Ndinda. Sauti ya upole ile ya kuwaambia watu kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha kukaa chooni, asinipangie pa kulala.

Halafu akapiga Ndinda mwenyewe. Amenikumbusha kwamba bibi yetu pia alitetemeka. Akapigiwa kilumi, ngoma ya kutuliza pepo, siku tatu, akadai mbuzi mweusi, akala, akapona. Amesema siku hizi yeye ameokoka, kwa hivyo hakutakuwa na ngoma, lakini wamama wa kanisa lake thelathini na wawili wako tayari kunizunguka. Nikauliza kama mbuzi yupo. Akasema mbuzi ndiye shetani mwenyewe. Yaani nitazungukwa na watu thelathini na wawili na nyama hakuna. Sitoki Kariobangi!

Nimeteremka dukani kwa Shamis kununua sabuni. Shamis ana duka chini ya ploti yetu, mtoto mwenye adabu, huniita ayeyo, ndiyo shosho kwao. Akaniuliza mbona macho yamevimba. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema mama yake kule Garissa pia husikia kitu kama nyuki miguuni, na yeye humpa ile ya kwao ya iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi na maziwa mengi. Akanijazia themosi yake nzima. Woi, ni tamu!

Kate aliponusa akasema hiyo ni chai. Nikamuuliza tangu lini chai ikawa na karafuu. Daktari alikataza chai. Hii ni viungo.

Viungo: themosi nzima. Mtetemo: mkubwa kuliko wote. Ni ile mashine. Anyango ameongeza kasi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu nimeaibika.

Saa tatu asubuhi, Kate ametoka kwenda saluni, nikaamua kuhamisha kitanda kutoka kwenye ukuta wa Anyango nikipeleke sebuleni. Kabla ya kunywa chochote, maana kazi kwanza. Kitanda ni cha mvule, alikitengeneza marehemu mume wangu, na alivyokuwa mtu wa kutopenda kuhama alikitengeneza hivyo hivyo. Nikakisukuma. Kikafika mlango wa chumba. Kikasimama. Nikakisukuma kwa mgongo. Kikaingia katikati ya mlango kama kizibo, hakiendi mbele, hakirudi nyuma.

Mimi nikiwa upande wa ndani. Jiko, choo, themosi ya Shamis, simu: upande wa nje.

Ningepiga kelele. Lakini mtu pekee wa kusikia ni Anyango. Afadhali nife. Nikakaa sakafuni. Nikaimba nyimbo zote za kitabu mpaka za mazishi. Nikakunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja. Saa sita. Saa nane. Saa kumi. Heshima ni kitu kizuri, lakini kibofu hakina heshima. Saa kumi na moja nikagonga ukuta.

Akaja. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akatazama kitanda, akarudi kwake, akaja na spana ya marehemu mumewe aliyekuwa fundi wa jua kali, akafungua miguu ya kitanda mmoja mmoja. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameufunga bandeji. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka.

Tukakiunga tena sebuleni. Nimechoka hata sikupika. Nimekunywa maji, sasa naanguka kitandani.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

NIMELALA! Saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mtetemo: hakuna. Hakuna kabisa! Nimeamka nimekunjika vilevile nilivyoanguka, shavu limechorwa kitambaa cha mto.

Nilisema nini? Ukuta! Daktari, andika: ukuta.

Nimesimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameniondoa ukutani. Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Baada ya ibada wamama wakanipongeza kwa chai na mandazi. Nilikunywa vikombe vinne, lakini vya kanisa havihesabiwi. Nyumbani nikamaliza themosi ya Shamis, aliyokuwa ameijaza tena, ili nimrudishie, maana kurudisha chombo kikiwa na kitu ndani ni dharau.

Usiku mtetemo umerudi. Sebuleni! Mbali na ukuta hatua tano! Anyango amegeuza mashine itazame huku.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Mativo amepiga simu kuuliza kama nguo za baridi zimo kwenye sanduku. Siku sita.

Nimefikiri sana leo. Kumng'oa Anyango na mashine yake kwa nguvu siwezi. Kumshtaki kwa mwenye ploti siwezi, mwenye ploti ni shemeji wa mwimbaji mwenzake wa kwaya. Basi nifanye nini ili mashine isiwashwe?

Mashine huwashwa kwa sababu kuna nguo chafu. Nguo chafu zikikosekana, mashine itafua nini? Nitamfulia mimi! Kwa mikono yangu, mpaka Jumapili. Aone mwenyewe kwamba mikono ya Kamene inashinda umeme. Atakitupa kile kitu kwa aibu.

Ni mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Nimejisifu kwa jagi.

Nimempelekea habari. Nikamwambia kwamba mashine inachakaza nguo, nguo za heshima hufuliwa na mtu. Nilitegemea akatae, nimsihi, tuvutane. Hakukataa. Akaniuliza kama nasema kweli. Halafu akaingia ndani akatoka na vikapu vitatu. Vitatu! Mablanketi mawili, mapazia, na zile shuka nzito za zamani. Mtu mwenye mashine anarundika nguo hivyo kwa nini? Mvivu. Hata kubonyeza kitufe anaona kazi.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Agosti nguo hazikauki. Ukungu asubuhi, wingu mchana, jua linachungulia saa saba kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Waya mzuri ni mmoja, ule wa upande wa mashariki, na ni wangu kwa sababu niliufunga mimi. Lakini ukichelewa baada ya saa kumi na mbili utakuta suruali za watu. Kwa hivyo nimepanda kabla ya chai.

Nilikuwa na beseni la mablanketi kichwani, ndoo mkono huu, themosi iliyojazwa tena na Shamis mkono ule. Ghorofa ya tano mguu ukateleza. Beseni nililiokoa. Themosi ikaanza safari. Niliisikia ikipita ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, bila haraka, ikisalimia kila ngazi. Ikaishia mlangoni kwa Shamis mwenyewe. Chupa ya ndani imekuwa mchanga.

Shamis amesema nisijali, nyingine itakuja na mzigo wa wiki ijayo.

Nimefua mpaka saa kumi. Kwenye waya wangu zimeanikwa nguo za Anyango. Zangu ziko kwenye beseni zinaningoja. Mgongo umekuwa ubao. Kula nimekula ugali nusu nikiwa nimefumba macho.

Mtetemo: sijui. Nililala.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimelala tena! Mashine haijawashwa, nami nimelala. Mnasikia hayo, nyinyi mliosoma?

Leo mapazia. Jagi lenyewe halina nafasi wiki hii, napanda kabla ya chai nashuka jioni. Anyango amepanda juu kunisaidia kukamua. Nikamwambia ashuke, hii ni kazi ya watu wa mikono. Hakushuka. Alishika ncha moja kwa mkono wa kushoto, mimi nyingine, tukasokota. Amenisimulia mumewe alivyomposa kwa kumtengenezea karai, akaja nalo nyumbani kwao kichwani kama kofia sababu mvua ilinyesha. Nimecheka mpaka pazia likagusa sakafu. Nikalifua upya. Amesema kosa ni langu. Nikasema ni lake. Tumebishana vizuri.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Usiku wa tatu. Mtetemo: mdogo sana jana, dakika chache, kama pikipiki inayopita na kwenda zake. Nimelala.

Ploti nzima inaongea. Mama mmoja wa ghorofa ya pili ameniuliza tangu lini nimekuwa mfuaji wa Anyango. Nikamwambia yeye ndiye hajui anayoyaona. Hivi ni vita. Nikaondoka na mashati ya Anyango, nimeyakunja kwa ustadi mpaka yeye akaguna.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Kate amekuja jioni na daftari hili mkononi. Amelisoma! Lote! Kitu cha siri cha mtu mzima! Nilikuwa nimeshamwambia anakili kwenye daftari lingine yale yanayomhusu daktari tu, bila konokono na bila ndevu. Badala ya kunakili, akasoma.

Amekaa kitandani pangu, akaninyooshea kidole cha rangi ya zambarau, akasema amehesabu. Siku nilizolala zote ni siku ambazo sikuonja chai. Siku nilizotetemeka zote kuna jagi, au themosi, au kanisa. "Shosho, si ni kitu iko wazi tu? Ni chai!"

Nikamtazama. Mtoto wa kusuka nywele za watu. Nikamuuliza siku nilizolala nilikuwa nafanya nini. Akasema kufua. Nikamuuliza nguo za nani. Za Anyango. Na Anyango akifuliwa, mashine inafanya nini? Akaanza kuhesabu upya kwa vidole.

Watoto wa siku hizi wanajua kuhesabu, lakini hawajui kufikiri.

Kesho Mativo. Nimefua fungu la mwisho leo, shuka saba. Ninaogopa, nisiseme uongo. Nimezunguka nyumba hii nikigusa vitu. Sufuria kubwa. Dirisha linalokataa kufunga. Kama nitapelekwa Wote nani atapanda saa kumi na mbili kushika waya?

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nilipanga kumngoja Mativo nimevaa gauni la kanisa, nimesimama, macho makavu, na hotuba. Nilikuwa na hotuba! Inaanza na miezi tisa ya mimba na kuishia kwa karo ya shule yake.

Nikaketi kitandani saa saba nijikumbushe hotuba.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limeshaondoka dirishani. Saa kumi na moja. Na gauni, na viatu. Mlangoni, kwenye kistuli, ameketi Anyango mikono imekunjwa kama askari jela. Nje kwenye korido, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mwanangu Mativo, mkurugenzi mzima mwenye tai. Amengoja saa tatu kamili!

Kate amenisimulia. Mativo alifika saa nane na godoro juu ya gari. Anyango akamzuia mlangoni. Akamwambia mama yake amelala. Mativo akasema haiwezekani, mama halali, ndiyo maana amekuja. Anyango akamwambia, "Wewe Mativo, nimekupaka mafuta ya kifua ukiwa mdogo hivi, hunipiti. Sikiza!" Wakasikiza. Kate anasema nilikuwa nikikoroma mpaka vifuniko vya sufuria vikajibu. Uongo wa Kate. Mimi sikoromi.

Mativo ameingia, amenitazama muda mrefu. Hakutoa hotuba yake, nami sikutoa yangu. Amesema basi nitabaki, mradi nirudi kwa daktari kesho. Amesema godoro ataliacha hapa, la Ndinda atanunua lingine. Mbele ya watoto sikulia. Nilikuwa na kitu jichoni, pengine ndengu.

Kisha akataka kumshukuru Anyango. Akasema amesikia kwamba mashine yake inatusumbua, atalipia fundi aje aiwekee mpira chini isitikise ukuta.

Anyango akatazama sakafu. Akatazama bandeji yake. Akasema hakuna haja. Mashine ilikufa mwezi wa tano. Ilikunywa ndoo mbili za maji, ikakohoa, ikafa. Haijawahi kufua hata soksi tangu hapo. Amekuwa akifua bafuni kwa siri alfajiri na kuanika chumbani, kwa sababu alikuwa ameshaisifia ploti nzima, na aibu nayo ni mzigo. Ndivyo mkono ulivyoharibika. Halafu siku moja mtu akaja kugonga, akajitolea kumfulia. "Nilidhani Mama Mativo amejua, na ameninyamazia kwa upendo," akasema.

Watu wote wakanigeukia.

Nikasema, bila shaka nilijua.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Zahanati. Kate alibeba daftari. Nilimwambia abebe lile la pili, safi. Amebeba hili! Daktari amelisoma kuanzia neno la kwanza, mbele yangu, hakuruka. Kwenye ndevu akajishika kidevu. Kwenye ungo akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Akasema hajui mtetemo wangu unatoka wapi, hata baada ya vipimo, na hatajifanya anajua. Watu wengi huusikia. Nikamheshimu kidogo hapo. Akasema sikuwa mwongo wala mgonjwa wa kichwa, ninachosikia nakisikia kweli. Hapo nikamheshimu zaidi. Halafu akaharibu. Akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari kila mahali palipoandikwa chai, jagi, viungo, themosi na kanisa. Ukurasa ukawa kama umechinjiwa kuku. Akasema niache chai kabisa mwezi mmoja, niendelee na kazi ya mwili na kuandika. Akasema naandika vizuri kuliko wagonjwa wake wote.

Hayo ya mwisho nimeyashika.

Njiani Kate akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa! Nimeelewa kuliko yeye na daktari wakiunganishwa. Mashine imekufa tangu mwezi wa tano. Mtetemo wangu ulianza Juni. Hesabu hiyo hata darasa la pili wanaiweza. Kitu kilichoumbwa kutetemeka kikinyimwa kutetemeka, mtetemo wake utakwenda wapi? Ulipita ukutani ukatafuta mtu imara. Na tangu nianze kufua nguo za Anyango, kazi ya mashine inafanyika, kwa hivyo mashine imeridhika, imetulia. Chai inaingiaje hapo?

Mativo amepiga simu kusema amepata fundi wa kuifufua. Anyango anapika samaki, harufu imefika mpaka hapa, amesema nisithubutu kupika. Kitanda nimekirudisha ukutani, na godoro jipya. Nyundo za jua kali zinalia vizuri leo. Shamis amenipungia mkono kutoka chini: themosi mpya imefika, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sasa Kate, kwa kuwa najua unasoma hapa, sikiza. Mpigie baba yako umwambie huyo fundi asikanyage ngazi zetu, mashine iachwe ilivyo na maua yake juu. Mwambie Anyango vikapu viwe mlangoni kesho kabla ya saa kumi na mbili. Na wewe funga daftari la watu, teremka kwa Shamis sasa hivi, mwambie ajaze mpaka kwenye kifuniko.